Laptopu Mpya Chini ya Radi ya Gusii

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, laptopu ya kwanza hupatikana kwa njia mbili. Ama bonasi ya majani chai imeingia mwezi wa Oktoba na mzazi ameapa kwamba safari hii haitaishia yote kwenye karo na mabati, ama kijana ameitwa chuo kikuu na jamaa wamechanga. Bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ile ya Murang'a au Kirinyaga, na wakulima wanaopeleka chai Nyansiongo, Kebirigo au Kiamokama hawachoki kuuliza kwa nini. Mashine iliyotoka katika fedha hizo ikifa kabla ya mwaka kwisha, hakuna fungu la pili la kununulia nyingine.

Mawaidha yanayokuja na mashine hiyo, ya kijitabu kilichomo ndani ya boksi na ya muuzaji mwenyewe, yametungwa kwa ajili ya mahali pengine. Kijitabu kinasisitiza joto. Laptopu nyingi zimeundwa kustahimili hewa ya hadi nyuzi 35, na katika nyanda za Gusii, ambako vilima hupanda kutoka mita 1,500 hivi hadi kupita 2,000 juu ya usawa wa bahari, siku ya joto la namna hiyo ni ya kusimuliwa. Muuzaji naye anaonya juu ya kuchaji kupita kiasi, jambo lenye ukweli kidogo na hofu nyingi. Hatari zinazoua laptopu hapa zina mpangilio wake: stima kwanza, kisha maji, kisha safari. Nyuma ya hizo iko moja isiyoacha alama kwenye mashine, nayo ni kupotea kwa kazi iliyohifadhiwa ndani. Anayefuata kijitabu neno kwa neno atakuwa amejihami vizuri dhidi ya adui wa Mombasa au Dubai.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukielekea mashariki, hukutana na nyanda za juu za Gusii na Kericho, hupanda, hupoa, na kufikia saa tisa au saa kumi alasiri mawingu meusi yamekwisha kujipanga juu ya vilima vya Manga. Usiku mambo hugeuka, ngurumo nyingi zikahamia ziwani kwenyewe. Ndiyo maana mtu wa Nyamira hukisia saa ya mvua bila kuwasha redio, na ndiyo maana ukanda wote huu wa chai, hadi Kericho na Nandi, unasifika pia kwa mvua ya mawe. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500 na hakuna mwezi unaoweza kuaminiwa kuwa mkavu.

Radi haina haja ya kupiga nyumba yako. Ikipiga nguzo ya stima, au hata ardhi iliyo karibu na waya, msukumo wa maelfu ya volti husafiri hadi kwenye soketi, ukaingia katika chaja na kutoka upande wa pili kuelekea bodi kuu ya laptopu. Mwenye bahati hupoteza chaja peke yake. Wengine huchomoa chaja kwa uangalifu mkubwa halafu wakaacha waya wa intaneti umechomekwa, ule uliovutwa kutoka ploti ya jirani kwa kugawana bili, na msukumo ukapitia huko. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi pia, kwa sababu swichi hutenganisha vipande vya shaba kwa milimita chache tu, na msukumo wa radi huruka pengo kubwa kuliko hilo. Kuchomoa ni kuchomoa: plagi iwe nje ya ukuta, na waya wa intaneti uwe nje ya mashine.

Upande wa pili wa habari ya stima haumo katika vijitabu. Mradi wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015, ulifikisha stima katika maboma mengi ya mashambani, mara nyingi kwa waya mrefu wa awamu moja kutoka kwenye transfoma inayohudumia watu wengi. Jioni, kila mtu anapowasha taa na televisheni, volti 240 zinazotarajiwa hushuka, na balbu hufifia ukaona waya wake mwekundu. Watu huogopa hali hiyo na kuchomoa laptopu mbio. Hakuna sababu. Geuza chaja usome maandishi yake madogo: karibu chaja zote za laptopu zimeandikwa INPUT 100-240V. Chaja haijali stima hafifu. Hufanya kazi yake hadi volti 100 bila kulalamika, kama inavyofanya huko Marekani na Japani ambako stima ya nyumbani haifiki hata 130.

Kinachodhuru ni kurudi kwa stima. Inapokatika kijiji kizima huacha swichi zikiwa zimewashwa, na inaporejea majokofu, mota na kinu cha kusagia mahindi huamka kwa pamoja, volti zikapanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Hapa laptopu ina faida ambayo kompyuta ya mezani haina. Betri yake ni akiba tosha ya kumaliza sentensi, hivyo mwenye laptopu hana haraka. Stima ikipotea, achomoe. Ikirudi, angoje dakika chache. Vifaa vya kulinda kama TVGuard ya Sollatek hufanya jambo hilo hilo bila kuhitaji mtu: hukata umeme volti zikizidi, na stima ikirejea husubiri kwanza kabla ya kuiruhusu ipite. Ni kifaa kizuri, ingawa hakizuii radi iliyopiga karibu, na anayedai kinazuia anauza.

Hapo tunafikia suala la ardhi, yaani ule waya wa tatu. Wako wanafunzi wanaopanga vyumba katika mitaa ya Nyanchwa, Jogoo na Mwembe mjini Kisii ambao wameshasikia laptopu ikiwatekenya viganja inapochajiwa, hasa ikiwa na ganda la chuma. Wengine hudhani mashine ni mbovu wakairudisha dukani. Mara nyingi mashine ni nzima. Nyumba ndiyo isiyo na ardhi. Chaja zenye waya wa pini tatu hutegemea waya huo wa ardhi kuondoa umeme mdogo unaovuja kwa kawaida ndani yake, na nyumba iliyofungwa nyaya na fundi aliyetaka kuokoa shaba haina mahali pa kuupeleka. Mtekenyo wenyewe kwa kawaida hauui, lakini ni taarifa. Unakuambia kwamba hata ekstensheni yenye kinga dhidi ya msukumo, uliyonunua kwa bei ya juu, itafanya nusu ya kazi yake, kwa kuwa sehemu ya kazi hiyo ni kumwaga umeme wa ziada ardhini na ardhi haipo. Mwenye ploti anapaswa kuulizwa. Kuweka fimbo ya ardhi si gharama ya kutisha kwa mtu anayepokea kodi ya vyumba kumi, na ni jambo linalolinda hata maisha ya wapangaji, sembuse laptopu.

Tuje kwenye betri. Sentensi inayosikika zaidi madukani ni ile ya "Mama, mwambie kijana aichaji masaa nane kwanza kabla ya kuiwasha." Ushauri huo ulikuwa na maana zama za betri za nikeli, ambazo zilihitaji kuamshwa kwa chaji ndefu na ambazo zilizoea vibaya zikichajiwa nusunusu. Betri za laptopu za leo ni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na ambayo iliwapatia wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, Nobeli ya kemia mwaka 2019. Haihitaji kuamshwa. Hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi, na unaweza kuitumia saa ile ile. Wala haizoei vibaya. Kuichaji kidogo kidogo kunaifaa kuliko kuimaliza hadi mashine izimike.

Je, kuiacha kwenye chaja usiku kucha? Mzunguko wa ndani hukata chaji betri inapojaa, kwa hiyo haiwezi kujazwa hadi ikapasuka. Tatizo ni dogo na la polepole: betri iliyokaa kwenye asilimia 100 siku baada ya siku, tena kwenye joto, huzeeka haraka kuliko ile inayokaa kati ya 20 na 80. Lenovo, Dell na HP huweka katika mashine zao nyingi mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 hivi. Anayetumia laptopu mezani kutwa nzima auwashe, na siku ya safari auzime. Lakini hapa Gusii sababu kubwa ya kutochaji usiku kucha ni ile tuliyokwisha kuitaja. Radi ya saa nane za usiku haikuamshi uende ukachomoe.

Betri huuawa zaidi na kuachwa tupu. Kisa cha vifaa vya shule kinafaa kukumbukwa. Katika kampeni za mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi hiyo ikaja kugeuka kuwa tableti, zikaanza kusambazwa mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta vikishirikiana na kampuni za kigeni kuziunganisha. Zaidi ya vifaa milioni moja viliingia katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Kulikuwa na shule zilizovifungia kabatini kwa hofu ya wezi, na mwalimu mkuu aliyefanya hivyo alikuwa na hoja, kwa kuwa kimoja kikipotea angeulizwa yeye. Kisha Machi 2020 korona ikafunga shule zote, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Betri ya lithiamu iliyowekwa ikiwa karibu tupu huendelea kuvuja chaji polepole, na volti zikishuka chini ya kiwango fulani kinga ya ndani huifunga isichajike tena. Uangalifu wa kufuli unaweza kuua kifaa kwa uhakika kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Likizo ndefu ikifika, laptopu isiyotumika iwekwe ikiwa na chaji ya karibu nusu, iguswe kila baada ya miezi miwili mitatu.

Haya yote yanachukulia kwamba ulichonunua ni kipya. Katika sehemu hizi neno "mpya" mara nyingi lina maana ya mpya kwako. Laptopu nyingi zinazouzwa Kenya ni ex-UK, mashine za ofisi za Ulaya zilizomaliza miaka mitatu au minne ya kazi: EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell. Utaitambua mara nyingi kwa alama ya pauni juu ya namba 3. Nina maoni ambayo wauzaji wa mashine za boksi hawatayapenda: kwa bei ile ile, EliteBook iliyotumika ni bora kuliko laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, yenye ganda jembamba na hifadhi ndogo iliyogandishwa kwenye bodi. Mashine ya ofisi ilijengwa ifunguliwe na fundi, ibadilishwe betri, iongezwe kumbukumbu. Hata plagi yake ya Kiingereza huingia soketi ya Kenya bila adapta, na ndani yake mna fyuzi, wakati adapta nyingi za bei rahisi hukaa zikilegea na kurusha cheche.

Ila ipimwe kabla ya kulipwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti inayotaja uwezo ambao betri iliumbwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa iliumbwa kubeba 50,000 na sasa inabeba 30,000, unauziwa asilimia 60 ya betri, na bei ijadiliwe hivyo. Jambo la pili ni kufuli za kampuni. Baadhi ya mashine hizi bado zimeandikishwa katika mfumo wa mwajiri wa zamani, na siku utakapoifuta ili uanze upya itadai barua pepe na nywila ya kampuni usiyoijua. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, na uone inaulizia nini. Kama hataki, kuna duka la pili.

La tatu ni umri wa kichakataji. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kuendelea. EliteBook 840 G3, ambayo bado inauzwa sana, ni ya kizazi cha 6. Si kwamba itazimika. Inaweza kufanya kazi kwa miaka na Linux, na mwanafunzi wa kompyuta atafaidika kuijua. Lakini mama anayemnunulia mwanawe wa ualimu anastahili kuambiwa kabla ya kulipa, na ni wachache wanaomwambia.

Risiti iwe na namba ya mashine. Wizi katika hosteli si hadithi, na polisi wanapokuta shehena ya laptopu hurudisha kwa mwenye namba. Mwenye maelezo ya "ilikuwa nyeusi, ya HP" atasubiri sana.

Maji sasa. Mvua yenyewe ni adui mwepesi kwa sababu inaonekana. Kuna yale yasiyoonekana: nyumba ya mabati isiyo na dari hutoa jasho alfajiri, hasa maeneo ya juu ya Nyamira ambako ukungu hulala kwenye chai hadi saa mbili asubuhi, na matone huanguka mahali yanapotaka. Laptopu ilale ndani ya mkoba, mbali na ukuta, na isilale imefunguliwa mezani. Mfuniko uliofungwa hauzuii maji lakini hulinda kibodi na hufukuza mende, ambao hupenda mashine yenye uvuguvugu na huingia kupitia matundu ya kupozea.

Adui mkubwa wa upande wa maji, hata hivyo, ni chai. Katika eneo ambalo chai ya maziwa hunywewa asubuhi, saa nne, alasiri na kila mgeni anapoingia, ni lazima siku moja kikombe kiinamie kibodi. Maji safi yakikauka huweza kutoacha kitu. Chai ya maziwa yenye sukari huacha utando unaopitisha umeme na kula shaba pole pole, hivyo mashine inaweza kuwaka siku ile, ikampa mwenyewe matumaini, kisha ikafa wiki tatu baadaye. Dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Chomoa chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia hadi izimike, hata kama kuna kazi haijahifadhiwa. Ifunue kama hema, kibodi ikitazama chini, ili kimiminika kitoke kilikoingilia badala ya kushuka kwenye bodi. Kama betri inatoka, itolewe. Baada ya hapo mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti, na usiiwashe "kuona kama imepona". Kuwasha ndiko kunakoua. Gunia la mchele halifai. Mchele hauvuti unyevu uliojificha chini ya vipande vya bodi, na huacha unga na chembe ndani ya matundu.

Barabarani hadithi ni nyingine. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, karatasi nyeusi iliyokuwa koti la mvua la kila kitabu na kila redio imetoweka. Sheria ni njema, na mitaro ya mjini Kisii inajua hivyo. Lakini mkoba wa kitambaa uliobebwa mgongoni juu ya bodaboda kutoka Keroka hadi Ichuni wakati wa mvua hunywa maji kama sifongo. Waendeshaji wenyewe wametatua kwa kuvaa makoti ya turubai. Abiria mwenye laptopu angetakiwa awe na kifuniko cha mkoba kisichopitisha maji, au akikosa, avae mkoba mbele, kifuani, chini ya koti. Kifuani pia ndipo mwizi wa stendi asipofikia.

Mtikisiko wa barabara za murramu ni hatari kutegemea kilichomo ndani. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ikitikiswa ikiwa inazunguka, kichwa hugusa na kukwaruza. Hifadhi ya aina mpya, SSD, haina kitu kinachozunguka. Wengi hufunga mfuniko tu wakadhani wamezima, kumbe mashine imesinzia na inaweza kuamka ndani ya mkoba kutafuta masasisho, ikapata joto pasipo hewa. Kabla ya safari, izimwe kabisa. Na kama kuna fedha za kuboresha kitu kimoja katika mashine ya zamani, ziende kwenye SSD kabla ya kitu kingine chochote. Itaongeza kasi na itaondoa hofu ya mashimo ya barabarani kwa mkupuo mmoja.

Mpaka hapa tumezungumzia mashine. Mashine hununulika tena, ijapokuwa kwa shida. Tasnifu ya mwaka wa nne, daftari la chama, picha za mazishi ya babu, hazinunuliki. Bado ni jambo la kawaida mwanafunzi kuwa na nakala moja ya kazi ya miezi sita, na nakala hiyo kuwa kwenye flashi ile ile anayoipeleka saiba kuchapisha. Saiba za karibu na vyuo zimeeneza kwa miaka virusi vinavyogeuza mafolda kuwa vijia vya mkato. Mtu hufungua flashi nyumbani na kudhani kazi imefutika. Mara nyingi haijafutika, imefichwa, na fundi mzuri huirejesha kwa dakika tano. Afadhali zaidi kazi ya kuchapishwa itumwe kwa barua pepe, flashi isiingie saiba kabisa. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, ambazo zinatosha maandishi ya maisha yote ya chuo. Kinga ya virusi inayokuja na Windows inatosha pia, mradi Windows yenyewe isiwe ile iliyofunguliwa kwa programu ya wizi, kwa sababu programu hizo mara nyingi ndizo zinazobeba virusi na humwambia mtumiaji azime kinga kwanza.

Akaunti nayo. Ni desturi ya baadhi ya maduka kumfungulia mteja mashine kwa barua pepe ya duka ili aondoke haraka. Windows 11 siku hizi huweza kufunga diski kwa msimbo na kuhifadhi ufunguo wake, wenye tarakimu 48, katika akaunti iliyotumika mwanzo. Siku bodi itakapobadilishwa au mpangilio kuguswa, mashine itaudai ufunguo huo, na kama akaunti ni ya kijana wa duka aliyehamia Nakuru, data yote imekwenda. Barua pepe iwe ya mwenye mashine, nywila iandikwe kwenye daftari nyumbani, na ufunguo uchapishwe.

Vilevile laptopu ya hapa si ya mtu mmoja. Iliyonunuliwa kwa mchango ina wenye hisa: binamu anayetafuta kazi kupitia Ajira Digital, mdogo anayetaka filamu, mjomba mwenye fomu za kodi za KRA. Kumnyima mjomba aliyechangia ni kujitafutia kesi kwenye kikao cha ukoo. Suluhisho la adabu ni kufungua akaunti ya pili isiyo na mamlaka ya kuweka programu, ili mjomba aingie, ajaze fomu yake, na asiache nyuma kitu ambacho hakukijua. Inachukua dakika tatu, na haina haja ya kuelezwa kwa mtu.

Hatimaye fundi. Kisii ina bahati ya kuwa na chuo kikuu na polytekniki ya kitaifa, na hivyo vijana wanaojua kushika bisibisi na mashine ya kupima volti. Lakini fundi wa simu hawi fundi wa laptopu kwa sababu ya kubadilisha kioo. Swali moja hutofautisha: muulize atafanya nini kabla ya kubadilisha bodi. Anayesema atapima kwanza, mpe. Anayesema bodi imeungua kabla hajafungua, chukua mashine yako. Vipuri vingi hutoka Nairobi, kilomita zaidi ya 300 kupitia Narok, vikisafiri kama vifurushi kwenye matatu, kwa hiyo kungoja siku mbili si uzembe wa fundi. Chaja mbadala isomwe volti zake zilingane kabisa na za awali, 19.5 kwa 19.5, na ampea zisiwe chini. Ampea zikizidi hakuna neno. Chaja nyepesi isivyo kawaida mkononi haina ndani yake vitu ilivyostahili kuwa navyo.

Betri iliyofura haingoji fundi. Ikianza kuinua kibodi au kufanya mfuniko usifungike, mashine izimwe, isichajiwe, na asitokee shujaa wa kuitoboa kwa sindano ili "hewa itoke". Lithiamu iliyotobolewa huwaka, na maji hayaizimi kirahisi. Itolewe na anayejua, iwekwe juu ya saruji nje ya nyumba mbali na kuni. Kuna kituo cha taka za kielektroniki Nairobi, WEEE Centre, kinachopokea betri za namna hii, lakini betri iliyofura haistahili kupakiwa kwenye gari la abiria. Kaunti zote mbili zina siku za soko, maafisa wa mazingira na magari ya taka. Ndoo ya mchanga yenye mfuniko katika soko la Daraja Mbili na nyingine Keroka zingeanza kazi ya kuzikusanya. Kwa sasa betri hizo huishia jalalani pamoja na maganda ya ndizi.